Creon Naye Ana Lake: Kuisoma Antigone kwa Masikio Mawili



Ndugu msomaji, mwanafunzi wa fasihi hakosi kukutana na swali hili, darasani au kwenye mtihani: katika tamthilia ya Antigone, haki iko kwa nani? Wengi wetu tunajibu kabla hata mwalimu hajamaliza kuuliza. Haki iko kwa Antigone, binti aliyemzika kaka yake. Creon ni mfalme dhalimu, na yaliyompata alijitakia mwenyewe.

Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Lingekuwa jibu zima, tamthilia hii isingeendelea kusomwa baada ya miaka zaidi ya 2,400. Ingekuwa kisa cha mtu mwema na mtu mbaya, na visa vya namna hiyo vimejaa kila mahali. Somo letu la leo linatazama jinsi mwandishi Sophocles alivyoigawa huruma ya hadhira baina ya mahasimu wawili, na linauliza sisi wasomaji tufanye nini na huruma iliyogawanyika. Swali hilo halimalizikii darasani. Tutaona kwamba liliwahi kufika mahakamani Nairobi, na linaweza kufika nyumbani kwako.

Waislamu na tanzia za Kigiriki

Tuanze na wale wanaouliza: Mwislamu ana haja gani na tamthilia za watu walioabudu miungu mingi? Swali hili lina historia ndefu. Katika karne ya 10, mjini Baghdad, Abu Bishr Matta ibn Yunus, mtaalamu Mkristo aliyefundisha mantiki, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Aristotle kuhusu ushairi na tanzia. Baadaye Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1198, akakiandikia sharhe.

Hapo likatokea jambo la kutufunza. Wanazuoni hawa hawakuwa na desturi ya maigizo ya jukwaani. Walipolikuta neno la Kigiriki linalomaanisha tanzia, walilifasiri kuwa madhi, yaani ushairi wa kusifu, na neno la kichekesho wakalifanya hija, yaani ushairi wa kukashifu. Ilikuwa ni juhudi ya heshima kwa kadiri ya elimu waliyokuwa nayo. Lakini tazama ilichopoteza. Ushairi wa kusifu una msifiwa mmoja, na msikilizaji anajua tangu mwanzo asimame upande gani. Tanzia haiko hivyo. Katika Antigone hakuna msifiwa asiye na doa, wala hakuna wa kukashifiwa ambaye hana hata neno moja la kweli.

Waandishi Waislamu wa zama zetu walirudi tena kwenye tanzia hizi. Mwaka 1949 Tawfiq al-Hakim wa Misri alichapisha tamthilia kuhusu mfalme Oedipus, baba yake Antigone, akijaribu kuitazama hadithi hiyo kwa jicho la mtu aliyelelewa katika utamaduni wa Kiislamu. Kwa hiyo ndugu yako anayesoma Sophocles maktabani hajaianzisha yeye njia hii.

Kisa kwa ufupi

Sophocles aliiandika Antigone yapata mwaka 441 K.K. Kisa chenyewe kiko katika mji wa Thebes. Ndugu wawili, Eteocles na Polyneices, waligombania utawala. Eteocles alibaki mjini, naye Polyneices akaenda nje, akarudi na jeshi la kigeni kuushambulia mji wake mwenyewe. Wote wawili wakafa, kila mmoja kwa mkono wa mwenzake.

Mjomba wao, Creon, akashika utawala. Amri yake ya kwanza ilikuwa hii: Eteocles aliyeulinda mji azikwe kwa heshima zote. Polyneices aliyeleta maadui aachwe juu ya ardhi, aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika atauawa.

Dada yao Antigone akakataa. Alimwomba mdogo wake Ismene wasaidiane, Ismene akaogopa. Antigone akaenda peke yake, akaufunika mwili kwa vumbi, akakamatwa, na mbele ya mfalme hakukana. Alisema kwamba amri ya mwanadamu haiwezi kuzishinda sheria za mbinguni ambazo hazikuandikwa. Creon akaamuru afungiwe pangoni akiwa hai, ingawa alikuwa mchumba wa mwanawe mwenyewe, Haemon.

Haemon akamsihi baba yake, wakaishia kugombana. Kisha akaja Tiresias, mtabiri kipofu, akamwonya mfalme kwamba mji umenajisika kwa ajili ya maiti ile. Mwishowe Creon akashtuka, akatoka kwenda kurekebisha mambo. Lakini alianza kwa kumzika maiti, ndipo akaenda pangoni kumtoa aliye hai. Akachelewa. Antigone alikuwa amekwisha kujinyonga. Haemon akajiua mbele ya baba yake, na mkewe Creon, Eurydice, aliposikia habari hizo naye akajiua. Tamthilia inafungwa Creon akiwa amebaki peke yake, akilia.

Jinsi huruma inavyohama

Sasa tusome kwa makini. Sophocles hakutuambia popote kwamba wote wawili wana haki. Alipanga matukio ili tuhisi hivyo. Angalia mambo matatu.

*La kwanza, Creon anaanza vizuri.* Hotuba yake ya kwanza ni ya kiongozi mwenye busara. Mji umetoka vitani usiku uliotangulia. Anasema kwamba kiongozi anayeogopa kusema ukweli hafai, na anayempendelea rafiki yake kuliko nchi yake hana thamani. Msomaji wa leo huipita hotuba hiyo haraka kwa sababu amekwisha kuambiwa kwamba Creon ni mbaya. Wagiriki wenyewe hawakuipita. Mwaka 343 K.K., takriban miaka 100 baada ya tamthilia kuandikwa, Demosthenes, mnenaji mashuhuri wa Athens, aliyasoma maneno hayo ya Creon katika kesi kubwa ya kisiasa ili kuonyesha namna kiongozi anavyopaswa kufikiri. Hasimu wake katika kesi hiyo, Aeschines, aliwahi kuwa mwigizaji na alishaigiza nafasi ya Creon. Demosthenes alikuwa anamwambia: maneno mazuri haya ulikuwa ukiyasema mwenyewe jukwaani, mbona hukuyafuata?

Tena, sheria ya Athens yenyewe ilikataza msaliti asizikwe ndani ya ardhi ya mji huo. Kwa hiyo hadhira ya kwanza ilipoisikia amri ya Creon haikuruka kwa mshangao. Pengine walikuwepo waliotikisa vichwa kukubali. Creon alipovuka mpaka ni pale alipokataza maiti isizikwe popote pale, na kuiweka wazi ili iliwe. Alianza na jambo ambalo watu wake walilijua, akalisukuma hadi lisipokubalika.

*La pili, Antigone si mpole.* Tunampenda kwa ujasiri wake, na tunastahili kumpenda. Lakini Sophocles hakumfanya malaika. Ismene alipoogopa, Antigone alimtupia maneno makali ya chuki. Baadaye Ismene alipojitokeza mbele ya mfalme akitaka kufa pamoja naye, Antigone alimkataa hadharani. Na karibu na kifo chake anasema jambo ambalo limewasumbua wasomaji kwa karne nyingi: kwamba asingeivunja amri ile kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa kuwa mume mwingine anapatikana na mtoto mwingine anazaliwa, lakini wazazi wakishakufa kaka mwingine hapatikani. Ghafla yule aliyezungumza kwa jina la sheria za mbinguni anazungumza kama mtu mwenye msiba wake binafsi. Hapo baadhi yetu tunarudi nyuma kidogo. Wengine ndipo tunamhurumia zaidi, maana tunamwona msichana anayeogopa kufa.

*La tatu, tazama nani anabaki.* Antigone anaondoka jukwaani ikiwa bado karibu theluthi moja ya tamthilia. Harudi tena, hata maiti yake hailetwi. Sehemu yote iliyobaki ni ya Creon: anaonywa, anabisha, anaogopa, anabadilika, anakimbia, anachelewa, anarudi akiwa amembeba mwanawe. Kama mwandishi angetaka tumchukie tu, asingetukalisha naye muda wote huo. Anatulazimisha kumtazama mtu anayetambua kosa lake wakati kutambua hakumsaidii tena. Aristotle alisema kwamba tanzia huamsha huruma na hofu. Huruma kwa Antigone ni rahisi. Hofu inatoka kwa Creon, kwa sababu wengi wetu tunafanana naye kuliko tunavyofanana na Antigone.

Katikati yao iko kwaya ya wazee wa Thebes. Msomaji mwangalifu ataiona ikiyumba. Inamwogopa mfalme, inamsikitikia binti, inamlaumu, inamshauri mfalme amtoe. Haemon anapogombana na baba yake, kwaya inasema kwamba pande zote mbili zimezungumza vema na kila mmoja ajifunze kwa mwenziwe. Wanafunzi wengi huwaita wazee hawa wanafiki. Mimi naona wao ndio hadhira iliyowekwa ndani ya tamthilia. Kuyumba kwao ni kuyumba kwetu.

Mwanafalsafa Mjerumani Hegel, katika karne ya 19, alilieleza hili kwa namna iliyopata umaarufu: kwamba katika Antigone haki inagongana na haki nyingine, familia upande mmoja na dola upande wa pili. Kosa la kila mhusika ni kuiona haki yake kuwa ndiyo peke yake. Si wahakiki wote wanaokubali kwamba mizani imelingana kiasi hicho, maana Tiresias anasema wazi kwamba Creon amekosea. Lakini hakuna anayekataa kwamba Creon naye ana lake la kusema.

Yuko mtu mmoja wa bara letu aliyelifahamu hili kwa namna ya pekee. Wafungwa wa kisiasa wa kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, waliiigiza Antigone gerezani. Nelson Mandela alipewa nafasi ya Creon. Fikiri: mtu aliyefungwa maisha kwa kuvunja sheria za kidhalimu anasimama kumwigiza mfalme anayemhukumu aliyevunja sheria. Katika kumbukumbu za maisha yake Mandela anaeleza kwamba Creon mwanzoni ni mzalendo mwenye maneno ya busara, na kwamba ugumu wa moyo na kukosa rehema ndivyo vilivyomwangusha. Alimsimamia Antigone maisha yake yote, na bado aliweza kumsikia Creon.

Nairobi, 1987

Sasa tutoke Ugiriki, turudi Afrika Mashariki. Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki mwanasheria wa Nairobi, Silvano Melea Otieno, aliyejulikana zaidi kama S. M. Otieno. Alikuwa Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager. Mkewe, Wambui Otieno, alikuwa Mkikuyu, mwanasiasa na mpiganaji wa zamani wa harakati za Mau Mau. Mjane alitaka kumzika mumewe kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo, pamoja na ndugu wa marehemu, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, katika ardhi ya baba zake.

Maiti ikabaki mochwari, na kesi ikaanza. Magazeti yaliandika kila siku, watu wakajazana nje ya mahakama, na Kenya nzima ikagawanyika. Wakili John Khaminwa alimtetea mjane, na Richard Kwach akausimamia ukoo. Hata mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, aliitwa kutoa ushahidi kuhusu mila za Wajaluo. Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliupa ukoo ushindi mwezi Februari 1987, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha mwezi Mei. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kufariki. Mjane hakuhudhuria.

Wasikilize wote wawili. Mjane anasema: nimeishi na mtu huyu, tumefunga ndoa ya kiserikali, tumelea watoto pamoja mjini, na najua alivyotaka azikwe. Nani aliye karibu naye kuliko mimi? Ukoo unasema: mtu hazaliwi na mkewe. Kabla hajawa mume alikuwa mtoto wetu, na Mjaluo asiyezikwa kwao amepotea, naye na walio nyuma yake. Elimu na maisha ya mjini havimtoi mtu katika ukoo wake.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngozi inayovutwa hapa ni mwili wa mtu. Utaona kwamba nafasi zimegeuka. Katika Antigone, dola inazuia mazishi na jamaa anayataka. Nairobi, pande zote mbili zilitaka kumzika marehemu kwa heshima, na zote mbili ni jamaa zake. Ndiyo maana kesi ile iliwagawa watu vikali. Aliyesimama na mjane, akitazama tena, alimwona kaka anayemlilia ndugu yake. Aliyesimama na ukoo alimwona mwanamke ambaye msiba wake umegeuzwa kesi.

Mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein wa Tanzania, aliyekwisha kuandika Kinjeketile, alilichukua tukio hili. Mwaka 1988 ilichapishwa tamthilia yake Kwenye Ukingo wa Thim, inayomhusu mjane aitwaye Martha na mvutano wake na ukoo wa mumewe. Anayeisoma Antigone katika chuo cha Afrika Mashariki na asiisome tamthilia hii amejinyima. Soma zote mbili katika wiki moja, kisha uone ni wapi huruma yako inatulia na ni wapi inakataa kutulia.

Huruma si hukumu

Tumefika penye uzito wa somo. Kama kila upande una lake, je, tuseme hakuna haki wala batili? Hapana. Kumhurumia mtu ni jambo moja, kuhukumu kwamba amefanya sawa ni jambo jingine. Tunamhurumia Antigone bila kukubali kujinyonga kwake. Tunamhurumia Creon akimbeba mwanawe bila kusahau kwamba ni amri yake iliyomfikisha hapo. Anayechanganya mambo haya mawili huanguka katika moja ya mashimo mawili: ama anafunga moyo wake ili hukumu yake isitikisike, ama anaacha kuhukumu kabisa kwa sababu moyo wake umeguswa.

Kisa cha Nabii Dawud (a.s.) katika Surat Sad, aya ya 21 hadi 26, kinaligusa jambo hili hili. Wagomvi wawili waliingia kwake kwa ghafla. Mmoja akaeleza kwamba mwenzake ana kondoo 99, naye ana mmoja tu, na mwenye 99 anautaka hata huo mmoja. Nani asingeguswa? Nabii Dawud akasema kwamba huyu amedhulumiwa. Kisha akatambua kwamba ulikuwa mtihani, akaomba maghfira na akarejea kwa Mola wake. Wafasiri wametoa maelezo mbalimbali kuhusu mtihani ule ulikuwa nini. Baadhi yao wanasema ni kwamba alitoa hukumu baada ya kumsikia mmoja kabla ya kumsikia wa pili.

Tazama mpangilio wa kisa hicho. Mwenye kondoo mmoja ndiye tunayemhurumia papo hapo, na hakuna ubaya katika huruma hiyo. Hatari iko katika haraka yake. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimwagiza asihukumu baina ya wawili mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Agizo hilo linafaa pia kwa msomaji wa tanzia, na kwa mwanafunzi anayeketi kusikiliza ugomvi wa watu wawili wa chumba kimoja bwenini.

Kwa hiyo huruma kwa hasimu haiidhoofishi haki. Inaitayarisha. Inakufanya umsikilize kabla hujamhukumu, na ukimhukumu, uhukumu alichokifanya kweli, si picha yake uliyojichorea. Creon alikataa kumsikiliza Haemon kwa sababu ni kijana, Antigone kwa sababu ni mwanamke, na Tiresias kwa sababu alidhani amehongwa. Kila aliyekuja na ukweli alikuwa na sababu ya kufukuzwa. Kilichomwangusha si kukosa hoja, maana hoja alikuwa nazo. Alikosa masikio.

Hapa petu

Sisi wa Kampala tunajua uzito wa mahali mtu anapolazwa. Kabaka Mutesa II alifariki London Novemba 1969 akiwa uhamishoni, na mwili wake ulirudishwa mwaka 1971 ukazikwa Kasubi, kilima kisicho mbali na Makerere. Waganda wengi wana makaburi ya ukoo, ebiggya, na kuzikwa nje ya hapo si jambo dogo kwa jamaa.

Sasa mfikirie dada au kaka aliyesilimu akiwa chuoni. Wazazi wake ni Wakristo na wanampenda. Akifariki ghafla, wenzake wa msikitini watataka aoshwe, akafiniwe, aswaliwe na azikwe upesi kama Sharia inavyoelekeza. Mama yake atataka alale nyumbani usiku ule, ndugu wafike kutoka kijijini, mchungaji asome, na kaburi liwe kando ya babu yake. Kila upande utazungumza kwa jina la Mungu na kwa jina la mapenzi. Mbele ya jeneza lile, Antigone ni nani na Creon ni nani? Ukijibu haraka kwamba sisi ni Antigone, kumbuka kwamba mama yule naye anajiona hivyo.

Hukumu ya kidini katika suala hilo tuwaulize masheikh, na haibadiliki kwa sababu tumemhurumia mama. Lakini namna ya kufika kwa mama yule inabadilika sana. Anayekuja na kundi la vijana mlangoni kuidai maiti anafanya ya Creon hata kama hoja yake ni sahihi. Anayekuja na mzee wa heshima, akatoa pole kwanza, akakaa, akasikiliza, akaeleza kilicho wajibu na kinachoweza kupatanishwa, kwa mfano kaburi kuwa kwenye ardhi ya ukoo, huyo amesoma tanzia akaielewa.

Na lililo bora zaidi ni kutosubiri siku hiyo. Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba Mwislamu mwenye jambo la kuusia asikae hata siku mbili wasia wake haujaandikwa. Andika wasia wako. Kisha, likizo ijayo, zungumza na wazazi wako mkiwa wazima na mnacheka. Laiti Creon na Haemon wangezungumza wiki moja kabla.

Maswali ya halaqa

1. Isome tena hotuba ya kwanza ya Creon kana kwamba hujui mwisho wa kisa. Ni sentensi gani ungekubaliana nayo? Ni wapi unaanza kusita?
2. Je, Ismene ni mwoga, au ana haki yake ambayo hakuna anayeisikiliza?
3. Katika kesi ya S. M. Otieno, taja hoja moja yenye nguvu zaidi kwa kila upande. Anza na upande usioupenda.
4. Mwandishi angemrudisha Antigone jukwaani mwishoni, akiwa hai au maiti, huruma yetu kwa Creon ingepungua? Eleza kwa nini.
5. Fikiria ugomvi mmoja unaoujua hapa chuoni bila kutaja majina. Nani ndani yake ni mwenye kondoo mmoja? Je, wa pili amekwisha kusikilizwa?

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.